Mgeni wa Kwenye Matete

Kiti cha marehemu kilikuwa bado chini ya dirisha la jikoni, pamoja na nyundo na kalibu zake za kushonea viatu. Mama Fundi, mjane wake, alikipangusa kila asubuhi. Hakukikalia. Alikunywa chai akiwa amesimama.

Dirisha lilitazama kinamasi chenye matete. Kila msimu wa baridi, ndege wadogo walikuja humo wakikimbia nchi za mbali zenye baridi kali zaidi. Mmoja alikuwa na sauti kama mlango unaohitaji mafuta. Mumewe alipomsikia, aliweka nyundo chini na kusema, "Mgeni wetu ameingia."

Mwaka huu msimu ulifika katikati. Mgeni hakuimba.

Shemeji yake alikuja na panga na kiberiti.

"Shemeji, unafuga nini huko? Mbu?"

"Ndege."

"Wako wapi?"

Mama Fundi aliyatazama matete.

"Tuchome matete, tulime mboga. Hata kaka angekubali."

"Huyo kaka yako alikuwa hakubali hata kubadilisha kofia."

Wakacheka kidogo, kisha kicheko kikakatika.

"Haya, choma," alisema Mama Fundi. "Ndege wenyewe wamemfuata rafiki yao."

Jirani mmoja alikuwa akipita na mabuti yake ya mpira. Kazi yake ilikuwa kufuatilia ndege wa kinamasi kile. Alisimama.

"Nani kamfuata nani, dada?"

"Ndege. Mwaka huu hawakuja."

"Uliwatazama, au ulisikiliza tu?"

"Nilimsikiliza yule wa marehemu, anayelia kama mlango."

"Basi njooni."

Walishuka wote watatu. Maji yalikuwa yamekauka pembeni na tope limepasuka. Juu ya nyasi kavu, ndege wengi wa rangi ya udongo walikuwa wakidonoa mbegu, kimya. Mama Fundi hakuwa amewaona hapo awali.

"Hawa pia ni wageni," alisema jirani. "Ndege hawaji sawasawa kila mwaka. Yule wenu hutaka matete yaliyosimama majini, maana hula wadudu wa humo. Mvua zimepungua, ametafuta pengine. Hawa hula mbegu, nyasi kavu zimewaita."

"Atarudi?"

"Siwezi kukuahidi, dada. Lakini mwaka mmoja hautoshi kusema ametoweka. Sisi hutazama mahali palepale miaka mingi. Ila mkichoma matete, hata maji yakirudi, yeye hatakuwa na pa kutua."

"Na mboga zangu?" aliuliza shemeji.

"Lima kule juu, pasipofika maji. Matete kata upande mmoja tu, ujengee uzio. Mwakani kata upande wa pili, huu upumzike."

Shemeji alimtazama Mama Fundi. Mama Fundi alitikisa kichwa: hapana, tusichome.

"Leo nimeshindwa na ndege," alisema shemeji, akarudisha kiberiti mfukoni.

Mwaka uliofuata mvua zilinyesha vizuri. Maji yaliingia tena kwenye matete. Kule juu, mboga za shemeji zilistawi ndani ya uzio. Ndege wa mbegu walikuwa wachache safari hii.

Asubuhi moja ya baridi, Mama Fundi alikuwa akipangusa kiti. Huko nje, mlango unaohitaji mafuta ukalia.

"Umesikia?" alikiuliza kiti.

Alisimama na kitambaa mkononi. Kisha akachukua chai yake, akakaa kwenye kile kiti, akafungua dirisha.

"Nimesikia," alijijibu.