Recheli Hakupita Vichakani

Kila Jumamosi Recheli alifagia uwanja, akachota maji kisimani, kisha akamsaidia mama yake kufunga majani ya tumbaku kwenye vijiti ili yaingizwe katika bani, banda la kukaushia tumbaku kwa moto. Lakini Jumamosi hii ya kuamkia Pasaka, tumbaku iliachwa. Kijiji kizima, upande huu wa Ipole, kilikuwa kinatengeneza makaburi.

Ndivyo Wamoraviani wa hapo wanavyofanya. Ibada yao ya Pasaka haianzii kanisani, inaanzia makaburini. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, matarumbeta hulia, watu hutoka kanisani kwa maandamano, na kila familia husimama kwenye kaburi la mtu wake. Mchungaji huwataja waliofariki tangu Pasaka iliyopita, na kila jina likitajwa, ndugu wa marehemu huimba wimbo alioupenda. Kwa hiyo siku moja kabla, makaburi hupaliliwa na kupakwa chokaa. Na wafanyakazi ni nani? Watoto! Wakubwa husimama na kuelekeza kwa vidole.

Recheli, msichana wa miaka kumi na miwili, alipalilia kaburi la bibi yake, Bibi Kashindye, mama mzazi wa mama yake. Bibi alifariki mwezi wa Novemba. Kabla hajafa alimfundisha Recheli wimbo wa zamani wa Kinyamwezi ambao haumo katika kitabu cha nyimbo.

"Pasaka ikifika, uniimbie huu," alimwambia. "Mama yako hajui hata ubeti mmoja. Nakutegemea wewe."

Recheli aliahidi, naye hakuwa mtoto wa kuahidi ovyo.

Kazi ilipokwisha, Mzee Elieza alipiga makofi ili asikilizwe. Huyu alikuwa mzee wa kanisa na mpiga tarumbeta wa siku nyingi.

"Asanteni kwa kazi, watoto. Sasa nisikilizeni. Kesho sitaki kumwona mtoto hapa makaburini. Mtabaki kanisani na Mwalimu Advera mpaka turudi."

"Kwa nini, mzee?" Recheli akauliza.

"Kwa sababu mwaka jana mlicheka."

Ni kweli walicheka, tusifichane. Mwaka jana nyuki aliingia ndani ya tarumbeta la Mzee Elieza, na mzee alipopuliza, ikatoka sauti ya mbuzi aliyekabwa. Nyuki naye akatoka na hasira zake, mzee akalitupa tarumbeta, watoto wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo mzee hakuwasamehe.

"Lakini mzee, kesho bibi yangu anatajwa. Nilimwahidi nitamwimbia."

"Mama yako atakuwepo. Inatosha."

Recheli alimgeukia mama yake. Mama Recheli alikuwa mtu wa kuogopa maneno ya watu, akainamisha kichwa. "Nyamaza, Recheli. Usiniaibishe mbele ya wazee."

Recheli akanyamaza, lakini moyoni alikuwa anachemka. Jamani, haki iko wapi? Leo tunafaa kubeba ndoo za chokaa, kesho hatufai kuimba? Alirudi nyumbani amevimba kwa hasira, hata uji hakuumaliza.

Jioni rafiki yake Silasi alimfuata kisimani. "Usihangaike," alinong'ona. "Kesho tunatokea dirishani, tunapita vichakani, tunajificha nyuma ya kichuguu. Utamwimbia bibi yako polepole, hakuna atakayesikia."

"Nijifiche? Kwani nimeiba nini?" Recheli akamjia juu. "Nitapita barabarani. Na kabla ya kuondoka nitaaga."

"Utaaga! Wewe una wazimu."

"Basi nina wazimu."

Alfajiri matarumbeta yalilia, na wakubwa wakaondoka wakiimba. Watoto walibaki kwenye mabenchi pamoja na Mwalimu Advera, dada aliyewafundisha shule ya Jumapili. Nyimbo ziliposikika zikienda mbali, Recheli akasimama.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa chini."

"Naomba unisamehe, sikai. Nakwenda makaburini kumwimbia Bibi. Ningeweza kutoroka, ila sitaki kukutoroka. Kama ni adhabu, nitaipokea nikirudi."

"Na mimi naenda," Silasi akasema, akasimama. Nyuma yake akasimama mwingine, halafu wote, mpaka vitoto ambavyo havikujua kinachoendelea.

"Mnataka niondolewe ualimu?" Advera akauliza. Hakuna aliyekaa. Aliwatazama, akautazama mlango, kisha akajifunga kanga yake vizuri kiunoni. "Haya. Wakubwa washikeni wadogo mikono. Atakayekimbia nitamrudisha mwenyewe."

Wakapita barabarani, katikati kabisa, hawakukimbia wala hawakunyata. Walipokaribia makaburi, Mzee Elieza aliwaona, akatoka mbio na kuwazibia njia kwa mikono miwili.

"Advera! Nilikuambia nini?"

Recheli akajitokeza mbele. "Shikamoo, mzee. Mwalimu hana kosa. Mimi ndiye niliyeanza."

"Rudi kanisani!"

"Sirudi, mzee."

Watu wakaguna. Mtoto kumwambia mzee wa kanisa kwamba harudi! Mama Recheli akafunika uso. Lakini sauti ya Recheli haikutetemeka hata kidogo.

"Jana tulipalilia sisi. Chokaa tulipaka sisi, mpaka mikono imechubuka. Hukutuambia kwamba hatufai. Mwaka jana tulicheka, ni kweli, na tunakuomba radhi. Lakini hatukucheka peke yetu, mzee. Hata wakubwa walicheka, ila wao walifunika midomo kwa kanga."

Mama mmoja akashindwa kujizuia, akacheka, na wenzake wakaangalia chini. Mchungaji Amon akasogea. Alikuwa na makanisa mengi ya kuhudumia, na alikuwa amefika alfajiri hiyo kwa pikipiki, hivyo hakujua lolote kuhusu katazo lile.

"Ni kweli watoto wamekatazwa kuja, Mzee Elieza?"

"Nilitaka ibada yenye heshima, Mchungaji."

"Mimi pia mwaka jana nilicheka," Mchungaji akasema. "Nilijifanya nakohoa." Kisha akawageukia waumini wote. "Siku moja kila mmoja wetu atalazwa hapa. Ni nani atakayekuja kutuimbia? Ni hawa hawa. Tukiwafungia mlango leo wakiwa wanataka kuingia, siku hiyo tusiwatafute."

Mikono ya Mzee Elieza ilikuwa bado imenyooshwa. Hatimaye akaishusha. "Nimekosa," akasema kwa shida. "Piteni, watoto. Piteni mbele, huko nyuma hamtaona kitu."

Majina yakaanza kutajwa. Lilipofika jina la Bibi Kashindye, Mama Recheli alifungua kinywa, machozi yakamzidi, hakuna neno lililotoka. Recheli akauanzisha wimbo, kwa sauti yake yote, kwa Kinyamwezi kilichonyooka kama alivyofundishwa. Kwenye ubeti wa pili bibi vizee wawili, ambao hawakuwa wameusikia wimbo ule tangu usichana wao, wakamwitikia huku wanalia. Hakuna mtoto aliyecheka wala kukanyaga kaburi la mtu.

Wakati wa kurudi, Recheli alitembea karibu na mama yake akingoja kugombezwa. Alipoona hagombezwi, akauliza mwenyewe. "Mama, nimekuaibisha?"

"Hapana," mama akasema. "Mimi ndiye niliyejiaibisha. Jana nilijua huna kosa, nikakunyamazisha kwa sababu naogopa watu. Wewe umepita barabarani waziwazi, umeanza na shikamoo, umekiri kosa lenu, ndipo ukadai haki yako bila kumtukana mtu. Hivyo ndivyo haki inavyodaiwa, mwanangu. Heshima si kunyamaza. Na siku nyingine nikikuambia unyamaze wakati haki ni yako, usinisikilize."

"Ndiyo, mama," Recheli akajibu, na safari hii alikuwa mtiifu kabisa.