Namba Saba

— Namba saba! Miye bwana yako, njo niko namba saba?

— Muhire, polepole, bajirani banasikia!

— Basikie! Labda bao bataniuliza niko aje.

Uwera akakumbatia fomu kifuani, ile yenye iliandikwa "Namba 7" pahali pa jina la bwana yake. Mambo ilianza wiki mbili nyuma, hapa hapa mu nyumba yao ya Gihundwe. Proje, ule mradi wenye alikuwa anatumikia, ilitaka maswali ya kupima huzuni, mu Kiswahili yenye bantu ba Kamembe banasema, na kila swali ilipaswa kujaribiwa kwa muntu. Aende mbali ya nini? Akajaribia kwa bwana yake.

"Siku hizi unajisikia peke yako, hata kama uko na bantu?"

Muhire, fundi mbao, akajibu: "Kila siku."

Uwera akatia alama, akacheka. "Safi! Swali inaeleweka."

Leo amerudi na fomu ile ile, sababu kila muntu anaulizwa mara mbili, ionekane kama majibu inabaki ile ile.

— Sheri wangu, nilizani unanisaidia kujaribu maneno tu. Sikujua unajibu ya kweli.

— Sasa ningejibu ya nani? Ya jirani Vénuste?

— Ungeniambia vizuri, basi!

— Nilikuambia! Ukaandika, ukafunga fomu mu sakoshi yako, ukaenda kuangalia simu.

Simu yenyewe ikalia pale mezani. Ujumbe wa Gratien, mkubwa wa proje: "Uwera, namba saba umemuuliza tena? Tunangoja yeye tu."

Muhire akausoma. Sauti yake ikashuka. Akavuta kiti, akakaa, mikono juu ya magoti kama mgonjwa anangoja dokta.

— Haya, Madame Proje. Uliza.

— Siwezi.

— Uliza tu. Hii njo saa pekee yenye unaniangaliaka.

Machozi ikamjaa Uwera. Alitaka kutupa ile karatasi, amushike mkono. Lakini alishazoea kazi, akasoma:

— Siku hizi... unajisikia peke yako, hata kama uko na bantu?

— Kila siku.

Na kabla hajajua, mkono wake ukatia alama.

Bote babili bakaiangalia ile alama.

— Imebaki ile ile, eh? Muhire akasema. Ambia Gratien swali yake iko nzuri.

— Muhire, ngoja... Muhire!

Akachukua koti na mfuko wa vyombo vyake vya kazi. Ule mlango aliutengeneza yeye mwenyewe, mwezi wenye balioana. Akatoka, akaufunga. Haukulia hata kidogo.