Mlenda wa Kwenye Picha

Saa moja asubuhi, Jumamosi moja ya mwezi Aprili, pikipiki ilisimama mbele ya nyumba ya akina Evodia huko Kizota, Dodoma. Evodia, mwanafunzi wa darasa la sita, alikuwa akifagia uwanja kama kila Jumamosi. Dereva alifungua kamba, akashusha boksi na kuliweka kwenye ngazi. Lilikuwa boksi lile lile lililoondoka hapo Ijumaa mchana. Utepe wake ulikuwa umekatwa.

"Mwenye mgahawa kaurudisha mzigo," alisema dereva, aliyeitwa Hamidu. "Anakuja mwenyewe nyuma yangu, na amenuna si kidogo. Mwambie mama ajiandae."

Evodia aliinua kifuniko. Pakiti za mlenda zilikuwamo zote, moja tu ikiwa imefunguliwa. Aliweka ufagio chini, akaingia ndani kumwita mama yake.

Mama yake, Dorothea, na wanawake wenzake wa jirani huchuma majani ya mlenda porini wakati wa mvua. Huyaanika juu ya jabali lililo nyuma ya nyumba mpaka yakauke, kisha huyatwanga na kuyatia kwenye pakiti. Kwa miaka mingi waliuza kidogo kidogo sokoni Majengo. Mwezi uliotangulia, Fredy, mpwa wa Dorothea anayesomea kompyuta chuoni, aliwatengenezea tovuti. Bi Hamida, mwenye mgahawa unaolisha wafanyakazi wa ofisi za serikali, ndiye mteja wa kwanza aliyeagiza kupitia tovuti hiyo. Alikuwa ameahidi kwamba akiridhika, atachukua boksi kila wiki. Kikundi chao hakikuwahi kupata mteja wa aina hiyo.

Bi Hamida alishuka kwenye bajaji kabla Dorothea hajamaliza kufunga kitenge.

"Shikamoo," Evodia alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu."

"Karibu dada, karibu ndani," alisema Dorothea.

"Asante, sikai. Na sikuja kugombana." Bi Hamida alitoa simu kwenye mkoba. "Mimi ni mtu wa Tanga. Mlenda wenu wa unga sijawahi kuupika. Niliagiza kwa kutazama picha. Hebu ona, unga huu ni wa kijani kibichi. Ulionifikia ni wa kahawia, kama umekaa stoo tangu mwaka juzi. Mimi nalisha watu, dada. Wakiumwa tumbo, mgahawa umekwisha."

Dorothea alichukua simu. Katika picha kulikuwa na bakuli jeupe, kijiko cha mbao na unga wa kijani unaong'aa.

"Bakuli hili si langu," alisema. "Na unga huu si mlenda."

Kazi ya picha za tovuti alikuwa amempa Evodia. Alimgeukia.

"Niliitoa mtandaoni, mama," alisema Evodia. "Nilipiga picha unga wetu, ukaonekana kama vumbi. Nikatafuta picha nzuri zaidi."

"Picha ya nani?"

"Sijui."

"Ya kitu gani?"

"Sijui, mama."

"Makubwa!" alisema Bi Hamida. "Kumbe hata muuzaji hajui anauza nini."

Dorothea hakujitetea. Alimwomba mgeni amfuate hadi kwenye jabali. Majani yaliyoanikwa jana yake yalikuwa bado ya kijani. Yale ya katikati ya wiki yalikuwa yameanza kugeuka, na yaliyokauka kabisa yalikuwa na rangi ile ile ya unga wa kwenye pakiti. Kisha Dorothea alipika pakiti iliyofunguliwa, akatia karanga, akapakua pamoja na ugali wa mtama. Bi Hamida, aliyesema hakai, alikaa akala.

"Ni mtamu," alikiri. "Nilikosea kudhani umeharibika. Lakini wateja wangu nao watafungua tovuti yenu, waone kijani, kisha nami niwape kahawia? Watasema nawalisha makapi. Siku nitakapoona kwenye simu kitu hiki ninachokiona hapa, nitaagiza."

Akaondoka. Boksi lilibaki.

"Ziondoe picha zote ulizozitoa mtandaoni," Dorothea alimwambia Evodia. "Sasa hivi, kabla hajadanganyika mwingine."

Fredy alipofika mchana, alimkuta Evodia amemwaga unga kwenye sinia katikati ya uwanja na kuupiga picha. Fredy aliitazama ile picha, akacheka.

"Mdogo wangu, hapa tunauza mlenda au simenti?"

"Ndiyo maana nilichukua ya watu!"

"Mlenda hauna kosa. Kwanza, jua la saa saba linaunguza picha. Pili, umepiga rundo. Nani anakula rundo? Mnunuzi ana maswali: umetoka wapi, ukoje, unaliwaje? Kila picha ijibu swali moja."

Walisubiri jua lipungue. Dorothea na mwenzake, Mama Violeth, walipoanza kugeuza majani, Evodia alipanda jabalini na simu. Mama Violeth alitaka kwanza akavae kitenge kipya.

"Wanataka mlenda, hawataki harusi," Dorothea alimzuia.

"Basi piga mikono tu, Evo. Uso niachie, sijasuka."

Evodia alipiga picha nyingi, akafuta karibu zote. Alibakiza tatu. Ya kwanza ilionyesha mikono ya Mama Violeth ikigeuza majani, ya kijani na ya kahawia yakiwa pamoja. Ya pili ilikuwa ya unga kwenye kiganja cha mama yake, karibu kabisa, hadi vipande vya majani vikaonekana. Ya tatu ilikuwa ya sahani: tonge la ugali likiinuliwa na mlenda ukivutika kama uzi. Chini ya picha ya pili, Dorothea alimwambia aandike: "Mlenda wetu ni wa kahawia kwa sababu umekaushwa juani. Ukiona wa kijani kibichi, si wetu."

Jumapili walimtumia Bi Hamida picha hizo. Jumatatu alijibu: "Sasa naelewa ninachonunua. Leteni boksi."

Jioni hiyo Dorothea alimketisha Evodia karibu naye.

"Unajua wa kumshukuru ni nani?"

"Fredy?"

"Fredy, ndiyo. Lakini kwanza Bi Hamida. Angeweza kuutupa mlenda wetu jalalani na kuwaambia wenzake kwamba sisi ni matapeli. Tusingejua kwa nini hakuna anayeagiza. Aliacha mgahawa wake asubuhi na mapema, akaja kutuambia kosa letu uso kwa uso. Na wewe ulijibu ukweli ulipoulizwa, ndiyo maana alikubali kukaa. Picha ya kuchukua kwa mtu humwahidi mteja kitu tusichokuwa nacho. Picha njema ni ile ambayo akifungua pakiti, anakuta alichokiona."

Evodia aliomba simu, akampigia Bi Hamida.

"Shikamoo. Nilitaka kukushukuru kwa kuja kutuambia."

"Marahaba. Nami nashukuru, mwanangu. Wakubwa wengi hawapigi simu kama hii."

Jumatano mchana iliingia picha kutoka kwa Bi Hamida: meza ya mgahawa wake, sahani za mlenda, na mteja mmoja akilamba vidole. Evodia aliiona alipotoka shule, akaipenda. Hakuiweka. Aliandika: "Shikamoo Bi Hamida. Tunaomba ruhusa yako na ya huyo mteja tuiweke picha hii kwenye tovuti, tuandike na jina la aliyeipiga."

Jibu lilikuja baada ya muda mfupi: "Marahaba. Mteja amekubali, anacheka tu. Aliyepiga ni mpishi wangu, Abeli."

Saa kumi na moja jioni picha ilikuwa kwenye tovuti, na chini yake jina la Abeli.