Chumba Kilichozibwa

Walipima tena, na jibu likawa lilelile: kwa nje jengo lilikuwa refu kuliko vyumba vyake vyote vikijumlishwa. Agnela alidhani futi kamba imelegea. Gadiel, mwanafunzi mwenzake wa usanifu majengo, aligonga ukuta wa mwisho wa maktaba ya zamani, ukalia kama debe tupu. Nyuma yake kulikuwa na chumba kilichozibwa.

Jengo lile la chuo, kwenye miteremko ya Meru, lilikuwa limechakaa, nao walipewa kazi ya kulichora upya. Mhadhiri wao, Dakta Romanus, aliwaonya kwa simu wasiguse kitu mpaka afike. Gadiel hakusubiri. Alichukua tindo na nyundo akatoboa upenyo wa kupita mtu, na mchana ule wa ukungu wakaingia wote wawili.

Ndani hamkuwa na kitu. Sakafu haikuwa na vumbi, na udi ulinukia kana kwamba mtu ametoka kufukiza sasa hivi. Agnela hakuipenda harufu ile, akamwambia mwenzake watoke. Walipogeuka, upenyo haukuwepo. Lipu ilikuwa imekauka sawasawa, kama ambayo haijaguswa kamwe.

Waliita, hawakusikiwa. Wakaugonga ukuta kwa nyundo, na kila pigo likajibiwa kutoka upande wa pili, polepole, na Gadiel alipotulia ili apumue mapigo yale yaliendelea, yakazunguka kuta zote, yakashuka chini ya miguu yao, huku joto likipanda na harufu ya udi ikigeuka kuwa ya nywele zinazoungua, mpaka Agnela akahisi shingoni pumzi isiyo yake wala ya Gadiel.

"Nani amevunja nyumba yangu?" sauti iliuliza, karibu sana, bila hasira.

Gadiel akamminya Agnela mkono ili asijibu. "Ni mimi," alinong'ona. "Huyu alinifuata tu. Mwache atoke."

Agnela akasukumwa kifuani, akaangukia maktabani. Ukuta ulikuwa mzima mbele yake.

Dakta Romanus alimkuta akiiparua lipu kwa kucha. Hakumbishia, alimleta shehe mmoja wa Kaloleni, naye akasoma mbele ya ukuta mpaka sauti ikamkauka, kisha akamwagiza Agnela amwite mwenzake bila kunyamaza. Aliita hadi jua likakaribia kuzama. Ndipo ukuta ukamtema Gadiel, hai, midomo imepasuka kwa kiu.

Tangu hapo hakuweza kuvuka mlango wowote bila kuitwa na aliye nje. Mama yake, Anna, huko Lemara, alizoea: alitangulia uani, akamwita, mwanawe akatoka.

Jumapili moja Agnela alikwenda kuwaona. Alimwamkia mama shikamoo, wakasimama uani wakimtazama Gadiel mlangoni. Kabla Anna hajafumbua kinywa, wakasikia.

"Gadiel. Njoo, mwanangu."

Ilikuwa sauti ya Anna, ila ilitoka ndani, nyuma ya mgongo wa kijana. Gadiel aliwatazama huku machozi yakimtiririka, akageuka, akarudi. Mlango ukafungwa.

Majirani walipouvunja, hapakuwa na mtu, na nondo za dirisha zilikuwa mahali pake.

Anna bado husimama uani akiita. Agnela humsihi aache, maana siku hizi anaitikiwa, na sauti inayoitika si ya Gadiel.