Gemu ya Cherehani na Alama ya Kumi na Nane

Duka la ushonaji lilikuwa na meza mbili. Meza ya mbele ilikuwa ya fundi cherehani. Watu walimwita Vipimo, kwa sababu alipima nguo mara tatu kabla ya kukata. Meza ya nyuma ilikuwa ya mkewe, Mama Pindo. Juu yake palikuwa na kompyuta ya mtumba, na Mama Pindo aliitumia kutengeneza gemu za simu. Alijifunza kazi hiyo mwenyewe, polepole, mtoto akiwa mgongoni.

Gemu yake ya kwanza ilimchukua miaka miwili. Mchezaji anakuwa fundi. Anampima mteja, anakata kitambaa, anashona. Akikosea vipimo, nguo inambana mteja na mteja anapiga kelele. Watoto walicheka, na huku wanajifunza hesabu bila kujua.

Mkutubi wa maktaba ya watoto alikuwa jirani yao. Aliiona gemu hiyo akaipenda.

"Nitaiweka kwenye tableti zetu zote ishirini," alisema. "Ila iwe imeingia kwanza kwenye duka la mtandaoni. Mwisho wa kuchagua gemu za maktaba ni Ijumaa."

Duka la mtandaoni lilimtaka Mama Pindo ajaze fomu ya maswali. Kutokana na majibu, gemu ingepewa alama ya umri, yaani miaka ya chini ya anayeruhusiwa kuicheza. Jumatatu alikaa mezani akasoma maswali kwa sauti. Mumewe alijibu huku akipiga pasi.

"Gemu ina silaha?"

"Si kuna mkasi? Ukikudondokea mguuni utajua ni silaha au si silaha. Weka ndiyo."

"Ina damu?"

"Pale sindano inapomchoma fundi kidole. Ndiyo."

"Ina mtu aliye uchi?"

Vipimo aliweka pasi chini. Aliitazama sanamu ya kuvishia nguo iliyosimama dirishani bila hata kitambaa. "Mke wangu, na hiyo imo kwenye gemu. Weka ndiyo. Njia ya mwongo ni fupi."

"Wachezaji wanaweza kuandikiana ujumbe?" Hapo Mama Pindo hakumngoja mumewe. "Aa, hizo ni salamu tu za watoto," alisema, akaweka hapana.

Jumatano mkutubi alikuja kuchukua gauni lake. Hakuliangalia gauni.

"Shoga, gemu yako imepewa alama ya kumi na nane. Ni ya watu wazima. Tableti za watoto zinaikataa."

Mama Pindo aliona aibu, kisha akapandwa na hasira. "Miaka miwili yangu imepotea kwa ajili ya mkasi! Kampuni kubwa zina watu wa kujaza fomu. Mimi nina mume na pasi."

"Nimesema kweli tupu mimi," Vipimo alijitetea.

"Umeipita kweli, shemeji," mkutubi alisema akicheka. "Kuteleza si kuanguka. Fomu inaweza kujazwa upya. Lakini someni na maelezo madogo chini ya kila swali. Wanauliza silaha ya kumdhuru mtu. Mkasi wa kukatia kitambaa haumo. Sanamu ya dukani si mtu. Tone la damu lipo kweli, basi lisemeni."

"Kumbe alama ni ya nini hasa?"

"Haisemi gemu ni nzuri au mbaya. Inamwambia mzazi kilichomo ndani, kama lebo ya shati inavyosema ukubwa."

Hilo Vipimo alilielewa mara moja.

Kisha mkutubi alifungua sehemu ya salamu kwenye gemu. "Na hapa mlijibu nini?"

"Hapana," Mama Pindo alisema. "Watoto wanasalimiana tu."

"Unawajua wote wanaosalimiana?"

Mama Pindo alisoma majina yaliyokuwa pale; mengi hakuyajua.

"Mtu mzima yeyote anaweza kuingia hapa akamwandikia mtoto. Hili ndilo la kusemwa. Duka likigundua umelificha, linaweza kuiondoa gemu. Sema ndiyo, au iondoe sehemu hii. Na kila ukibadilisha gemu, urudi kuyajibu maswali upya."

Sehemu ile ilikuwa imemgharimu miezi mitatu, naye aliipenda kuliko zote.

"Mimi nikiharibu mkono wa shati, naung'oa wote," Vipimo alisema taratibu. "Inauma, lakini shati linavalika."

Mama Pindo aliing'oa. Alhamisi alijaza fomu upya, akisoma kila neno. Alama mpya ilikuwa saba, pamoja na maneno mawili: damu kidogo.

Ijumaa alikwenda maktaba. Baba mmoja alikuwa ameshika tableti, na binti yake akimvuta shati. Mama Pindo alisimama nyuma yao.

"Miaka saba, damu kidogo," yule baba alisoma. Akamgeukia mkutubi. "Na hawa wachezaji, hawaandikiani na watu wasiowajua? Mtoto wa dada yangu yalimkuta hayo."

"Sehemu ya kuandikiana ingekuwamo, ingeandikwa hapo."

"Una hakika?"

Mkutubi alimtazama Mama Pindo.

"Nina hakika," Mama Pindo alisema. "Gemu ni yangu. Fomu nimeijaza mwenyewe."

Yule baba alimpa binti yake tableti. Kisha akaenda kukaa dirishani, akafungua gazeti lake.