Chakula cha Watu wa Labda

Foleni ya buchani ilikuwa imetoka mlangoni na kupinda kona, kwa kuwa sikukuu ilikuwa keshokutwa. Fundi cherehani alisimama humo akiwa hoi. Wiki nzima alikuwa akimalizia nguo za watu, na gauni lake mwenyewe, la maua ya zambarau, lilikuwa limeng'ang'aniwa na vipande vya uzi kila mahali. Zamu yake ilipofika aliagiza mguu mzima wa mbuzi na kilo nyingine tano juu yake.

"Dada, nyumbani kuna harusi au kuna jeshi?"

Sauti ilitoka nyuma ya friji la bucha. Mwanamume mwenye ovaroli ya bluu alikuwa ameketi sakafuni, bisibisi mkononi, vumbi hadi kwenye nyusi. Watu wakacheka.

"Kuna familia," akajibu bila kutabasamu. "Nawe tengeneza hilo friji, nyama yangu isije ikaoza kabla sijaibeba."

Baadaye fundi huyo wa friji alimwambia kwamba alimpendea hilo jibu. Siku hiyo alimpa namba ya simu tu, maana friji la nyumbani kwa yule dada nalo lilikuwa linanguruma.

Alikuja sikukuu ilipopita. Ili alitengeneze ilibidi kwanza atoe vilivyomo, na hapo ndipo aibu ilipomshika mwenye nyumba. Vilitoka vyombo vya wali wa sikukuu hii, nyama ya ile iliyopita, na mchuzi ulioganda hadi haujulikani ulikuwa wa nini. Fundi hakucheka. Aliuliza kwa upole vilipikiwa nani.

Akamweleza. Ana wadogo zake watatu, aliowalea kwa cherehani tangu mama yao afariki. Sasa kila mmoja ana kwake, mji huuhuu. Kila sikukuu humwambia, "Tutajitahidi, dada," naye huwapikia wote, na wenzi wao, na watoto. Jioni hubaki yeye na masufuria.

"Mbona huwaulizi kabla?"

"Nikiuliza watasema hapana. Nisipouliza, labda watakuja."

Fundi akakaza nati. Kisha wakamwaga vile vyakula pamoja, ndoo baada ya ndoo, pua zimekunjwa. Kama kuna mapenzi mengine yaliyoanzia kwenye taka, hayajasimuliwa.

Yao yalikwenda kwa simu za asubuhi. Fundi alimwita Mkuu wa Jeshi, naye akaitwa Mzee wa Barafu, akaulizwa kama amekula, akaonywa asishindie chai tupu. Sikukuu nyingine ilipokaribia, Mzee wa Barafu alimsihi safari hii awaulize, kisha apikie waliosema ndiyo.

Ilimchukua siku kadhaa kupata moyo. Mdogo wa kwanza alikuwa anakwenda kwa wakwe. Wa pili alikuwa safarini. Wa mwisho, yule wa kike, alisema wataona, na alipobanwa aseme ukweli, akasema hawataweza. Dada mtu alibaki na simu mapajani, amechoka hadi kwenye mifupa. Ikaita; alikuwa Mzee wa Barafu.

"Mpenzi, nimeitwa hospitali, chumba chao cha baridi kimekufa. Usinipikie mimi, sijui nitamaliza saa ngapi."

"Sawa," akasema, akakata, akaizima kabisa. Hapana ya nne ilimuuma kuliko zile tatu, kwa sababu hii hakuitegemea.

Siku ya sikukuu alitwaa sufuria dogo kuliko yote. Akapika mchele wa kikombe kimoja na vipande viwili vya nyama, jiko likawa halina hata mvuke wa kupofusha dirisha. Alasiri mlango ukagongwa. Mzee wa Barafu alikuwa amesimama pale na shati jeupe lililopigwa pasi upande mmoja, ananukia sabuni.

"Simu yako haipatikani. Nimekukosea nini?"

"Ulinikataza nisikupikie."

"Nilisema usinipikie. Sikusema siji. Niliogopa nisiwahi, chakula chako kikamwagwa tena kwa ajili yangu."

Mwanamke alipakua ule wali wote kwenye sahani moja, akaiweka katikati. Walinawa, wakaketi. Mwanamume akamsogezea kipande kikubwa, akarudishiwa.

"Nimechoka," mwanamke akasema taratibu. "Nimechoka kupikia watu wa labda. Nakupenda, lakini usiwe mmoja wao. Kama ni kuja, uje. Kama ni kuondoka, niambie leo."

Mzee wa Barafu akatoa mkono kwenye sahani.

"Nataka nikuoe. Nihesabu kuanzia leo, siku za sikukuu na siku za kawaida."

"Na siku za kuitwa hospitali?"

"Siku hizo nitachelewa. Niwekee."

Miaka yote hiyo alikuwa amewawekea watu ambao hawakumwomba. Hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo. Aliinamia sahani, akalia kidogo, kisha akamwambia ale, wali unapoa.