Maandishi Yaliyotangulia Sauti

Hebu fikirini, wanangu, chumba kidogo cha ghorofani, mtaa wa Shella, Malindi. Dirisha liko wazi. Chini, Bi Kashmira anafunga duka lake la vitambaa. Mezani pana kompyuta na vikombe viwili vya chai ya tangawizi. Jua linazama.

Nilikwenda kwa Kavata kwa shughuli ya kawaida tu. Alikuwa akinitengenezea tovuti ya masomo, na baadhi ya wanafunzi wangu kule Tezo ni viziwi. Video zangu zilihitaji maandishi chini ya picha. Basi tulikaa kulinganisha viendelezi, vile viprogramu vidogo vinavyopachikwa kwenye kivinjari ili kikurahisishie kazi.

"Hiki kinafifiza ukurasa wote, inabaki video peke yake," akasema. "Kizuri kwa macho. Lakini hakiandiki."

"Na hiki?"

"Kinaandika, ila kinachelewa. Wewe umeshafika kesho, chenyewe kiko jana." Akacheka. "Ngoja nikuonyeshe nilichopata leo, Mwalimu. Hiki ni balaa!"

Akacheza video yangu ya somo la kuhesabu. Maandishi yakatokea, safi, bila kosa. Nikatabasamu. Kisha nikaitazama midomo yangu kwenye skrini.

Maandishi yalikuwa yanatangulia.

Neno linaandikwa... ndipo ninalitamka.

"Labda kimesoma faili yote mapema," Kavata akasema. Akazima sauti. Akasimamisha picha. Uso wangu ukaganda, mdomo nusu wazi.

Maandishi yakaendelea. Chini ya picha likatokea jina:

"Kavata."

"Mwalimu, umenitaja kwenye somo?"

"Sijakutaja."

Akawasha kiendelezi kingine, cha watengenezaji wa tovuti. Hicho huchora mstari mwekundu kuzunguka kila kilichomo kwenye ukurasa: picha, kitufe, neno. Mistari ikajaa skrini nzima. Pale palipoandikwa jina lake hapakuwa na mstari.

"Hapa hakuna kitu," akanong'ona. "Ukurasa unasema hapa hakuna kitu."

Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha. Harufu ikaingia... ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi. Nikachungulia dirishani. Hakuna aliyekuwa akichimba.

Halafu nikasikia sauti yangu.

Ilitoka ngazini, nyuma ya mlango. Ya upole, kama ninavyomwita mtoto ubaoni.

"Kavata..."

Mimi nilikuwa kando yake. Nimefumba mdomo.

Nikamshika mkono. Nilichelewa. Kavata ni wa Kitui, lakini amekaa pwani miaka mingi na adabu zake ni za hapa. Mkubwa akikuita, huulizi.

"Abee, Mwalimu!" akaitika, uso umeelekea mlangoni.

Sijasikia neno jingine kinywani mwake tangu hapo.

Mlangoni hapakuwa na mtu. Kavata akafungua mdomo anieleze... ikatoka pumzi tupu. Hospitalini walimchunguza, wakasema koo ni zima. Mzee Gona, bawabu wa jengo, aliniuliza swali moja tu.

"Ameitika?"

"Ameitika."

"Jua likitua huitiki mpaka umwone anayekuita, Mwalimu." Akahamishia kiti chake nje ya geti.

Kile kiendelezi tulikitafuta tukiondoe. Hakimo kwenye kompyuta. Hata mahali alipokipakua hapapo tena.

Siku hizi Kavata anakaa kwangu. Anakula, anafagia, ananitabasamia. Lakini ikichezwa video yoyote karibu yake jua likitua, hata ya mapishi, hata kwenye simu yangu isiyo na kiendelezi chochote, maandishi hutokea chini.

"Mwalimu, ni giza."

"Mwalimu, uko wapi?"

"Mwalimu, niitikie."

Kavata huyasoma pamoja nami, machozi yakimtoka. Nimemwuliza kama ni yeye anayeniita. Hutikisa kichwa. Naye hajui. Huenda ni yule aliyeazima sauti yangu, sasa ameazima yake. Nikiitika, huenda nikamfungua Kavata. Nikiitika, huenda nikamfuata humo gizani.

Basi mimi hunyamaza. Hufunga video.

Nanyi mkipita nyumbani mkamkuta ananitazama, nami nimeinamisha uso, nawaomba mkumbuke jambo moja tu.

Ninamsikia.